Kocha Ajaye Simba: Maswali ya Kuulizwa Kabla ya Jina

Kocha wa Simba akishafungashiwa virago, majina ya mrithi wake huanza kutajwa kabla hata klabu haijatoa taarifa. Kambi huwa ni zilezile. Wapo wanaotaka mtu mwenye kombe la Afrika kabatini, wakisema klabu kubwa si mahali pa kujifunzia kazi. Wapo wanaotaka aliyewahi kumfunga mtani, maana huyo dawa ya Yanga anayo tayari. Wapo wanaodai mzawa apewe timu kwa mkataba wa kueleweka badala ya kuitwa kuzima moto kila unapowaka. Wapo wanaomkumbuka kocha wa zamani na kutaka arudishwe. Na wapo wasiojali pasipoti wala wasifu, mradi timu irudi kupiga pira biriani, yaani ule mpira wa kuvutia. Kila kambi ina lake la kusema, na mjadala wenyewe una maana, kwa sababu presha ya mashabiki ni miongoni mwa mambo yanayoamua nani aondoke na lini. Lakini kambi zote zinaanzia kwenye dhana moja ambayo hakuna anayejisumbua kuithibitisha: kwamba timu imekwama kwa sababu ya mtu aliyekaa kwenye benchi, na kwamba itakwamuka akikaa mwingine. Rekodi ya Simba yenyewe tangu 2018 haiiungi mkono dhana hiyo. Inachoonyesha ni kwamba kikosi ndicho kinachoweka dari ya timu, kwamba kocha huisogeza dari hiyo pale tu anaposhirikishwa kukijenga kikosi, na kwamba jina la kocha lingepaswa kuwa hoja ya mwisho kujadiliwa.

Tuanze na miaka ya neema. Kati ya msimu wa 2017/18 na 2020/21 Simba ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mara nne mfululizo, na kila ubingwa ulikamilishwa na kocha tofauti: Pierre Lechantre, Patrick Aussems, Sven Vandenbroeck, kisha Didier Gomes. Januari 2021 Vandenbroeck aliivusha timu hadi hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kuichapa FC Platinum 4-0, halafu akaaga papo hapo na kwenda FAR Rabat. Klabu nyingi zikiachwa hivyo katikati ya msimu huyumba. Simba haikuyumba. Gomes aliingia, mwezi uliofuata Al Ahly akalala 1-0 Uwanja wa Benjamin Mkapa, Simba ikaongoza kundi lake na ikabeba ubingwa wa nne. Makocha walikuwa wakipishana mlangoni, lakini uti wa mgongo wa timu ulibaki palepale: Aishi Manula golini, Shomari Kapombe na Mohamed Hussein pembeni, Jonas Mkude katikati, Clatous Chama nyuma ya washambuliaji, John Bocco na Meddie Kagere mbele, na Kagere akiwa mfungaji bora wa ligi 2018/19 na 2019/20. Agosti 2021 Chama aliuzwa RS Berkane na Luis Miquissone akauzwa Al Ahly. Oktoba mwaka huohuo Simba ilishinda 2-0 ugenini dhidi ya Jwaneng Galaxy ya Botswana, ikarudi nyumbani na kufungwa 3-1, ikatolewa kwa kanuni ya bao la ugenini, na Gomes akaondoka. Huyu ndiye aliyeongoza kundi lenye Al Ahly miezi michache nyuma. Ujuzi wake haukuyeyuka katika muda huo. Watu wawili waliokuwa wakiamua mechi zake ndio waliokuwa wameondoka.

Ushahidi wa pili umo ndani ya utani wenyewe. Watani wa Simba waliibatiza jina la Mwakarobo, kwa kuwa karibu kila ilipokwenda Afrika iliishia robo fainali. Utani huo una takwimu nzito kuliko wanaoutumia wanavyodhani. Aussems alifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa 2018/19 akatolewa na TP Mazembe. Gomes alifika 2020/21 akatolewa na Kaizer Chiefs. Pablo Franco alifika robo fainali ya Kombe la Shirikisho 2021/22 akatolewa na Orlando Pirates kwa penalti. Roberto Oliveira, Robertinho, alifika ya Ligi ya Mabingwa 2022/23 akatolewa na Wydad, nako kwa penalti. Abdelhak Benchikha alifika 2023/24 akatolewa na Al Ahly. Hao ni makocha watano kutoka mataifa tofauti, wenye falsafa tofauti na wasifu usiolingana, na wote waliishia hatua ileile. Kama kocha ndiye angekuwa kigezo kikuu, tungetarajia wengine waishie makundi na wengine wacheze fainali. Matokeo yanapofanana kiasi hicho huku jina la kocha likibadilika, busara inatuelekeza tukitazame kile kisichobadilika: ubora wa kikosi na namna kinavyokusanywa.

Sasa tazama muda wanaopewa. Katika misimu saba, kuanzia 2018/19 hadi 2024/25, ni makocha wawili tu walioanza msimu na Simba na kuumaliza: Aussems katika msimu wa kwanza wa kipindi hicho na Fadlu Davids katika wa mwisho. Aussems aliupata ubingwa na robo fainali. Fadlu aliivusha Simba kwa Al Masry na Stellenbosch hadi fainali ya Kombe la Shirikisho 2025, ikafungwa na RS Berkane jumla ya mabao 3-1. Misimu mitano katikati yao yote ilikatizwa, na miwili kati ya hiyo, 2022/23 na 2023/24, ilipitia angalau mikono mitatu kila mmoja ukihesabu na makocha wa muda. Hapa inabidi tujihadhari na hitimisho la haraka. Kocha anayeshinda hafukuzwi, kwa hiyo kukaa muda mrefu kunaweza kuwa matokeo ya mafanikio na si chanzo chake. Tena misimu ya 2019/20 na 2020/21 ilikatizwa na bado ubingwa ulipatikana. Kwa hiyo uvumilivu peke yake hauwezi kuitwa dawa. Jambo lenye uzito zaidi ni wakati kocha anapoingia. Franco alikuja Novemba, Juma Mgunda Septemba, Robertinho Januari, Benchikha mwishoni mwa Novemba. Wote walikuta dirisha kubwa la usajili limeshafungwa na wachezaji wamechaguliwa na wengine. Walikuwa kama fundi cherehani anayekabidhiwa kitambaa kilichokwisha kukatwa kwa vipimo vya mtu mwingine, kisha analaumiwa suti inapombana mvaaji. Baada ya Gomes, walioingia kabla ya msimu kuanza ni Zoran Maki, aliyeondoka Septemba 2022 baada ya mechi chache tu, na Fadlu. Fadlu alikuja Julai 2024 wakati klabu inakisuka kikosi upya kwa vijana kama Moussa Camara, Jean Charles Ahoua na Steven Mukwala. Ahoua akamaliza msimu akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Fadlu ndiye kocha pekee wa kipindi chote hicho aliyeivunja dari ya robo fainali.

Mtu wa Msimbazi atauliza: mbona Yanga nao wanabadilisha makocha na ubingwa wanaubeba? Swali hilo, likichunguzwa, linaiongezea hoja hii nguvu. Nasreddine Nabi alichukua ubingwa wa 2021/22 na 2022/23, na katika msimu huo wa pili akafika fainali ya Kombe la Shirikisho, akashinda 1-0 mjini Algiers na bado akalikosa kombe kwa bao la ugenini. Alipoondoka, Miguel Gamondi alichukua ubingwa wa 2023/24 na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, ambako Mamelodi Sundowns hawakuweza kuifunga Yanga katika dakika zote 180 hadi penalti zikaamua. Msimu wa 2024/25 Yanga walitumia makocha watatu: Gamondi aliyeachishwa Novemba, Sead Ramovic aliyekimbilia CR Belouizdad Februari, na Miloud Hamdi aliyeumaliza. Ubingwa ukabaki Jangwani. Waliokuwapo katika misimu yote minne ni Djigui Diarra, Khalid Aucho, Dickson Job, Bakari Mwamnyeto na wenzao. Fiston Mayele alipoondoka 2023, waliingia Pacôme Zouzoua na Maxi Nzengeli, na Stephane Aziz Ki aliyekuwapo tayari akafunga mabao 21 ya ligi. Yaani Yanga ya miaka hiyo ni Simba ya 2018 hadi 2021 iliyovaa kijani na njano. Timu yenye uti wa mgongo humbeba kocha mgeni mpaka azoee, na timu isiyo nao humzamisha hata mzoefu.

Huko nje jambo hili limechunguzwa kwa hesabu. Wachumi Jan van Ours na Martin van Tuijl walichambua misimu 14 ya ligi kuu ya Uholanzi, kuanzia mwaka 2000 hadi 2014. Hawakuishia kulinganisha matokeo ya kabla na baada ya kocha kufukuzwa, kama tunavyofanya vijiweni. Walizilinganisha timu zilizofukuza na timu zilizoporomoka kwa kiasi kilekile lakini zikabaki na kocha wao. Timu zilizofukuza ziliinuka, na zile ambazo hazikufukuza nazo ziliinuka vilevile. Sababu yake haina uchawi. Kocha hufukuzwa timu ikiwa chini kabisa, baada ya mfululizo wa matokeo ambao kwa sehemu ni ubovu na kwa sehemu ni bahati mbaya: mwamba uliogongwa, penalti iliyokoswa, beki aliyeumia. Bahati mbaya haidumu. Anayeingia wakati huo hupokea sifa za mwinuko ambao ungekuja hata bila yeye. Mtu anaweza kusema Uholanzi si Tanzania, na ni kweli: mishahara, ratiba na viwanja vinatofautiana. Ila namna bahati inavyopanda na kushuka haijui mpaka wa nchi, na mashabiki wetu wameshaushuhudia mara nyingi mwezi mtamu wa kocha mpya unaofuatiwa na manung'uniko yaleyale.

Tuzipime basi kambi za mjadala kwa ushahidi huu, tukianza na ile ya jina kubwa, kwa kuwa historia imeipa Simba jaribio lililo safi kuliko mengi. Novemba 5, 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1. Siku mbili baadaye Robertinho hakuwa na kazi, ingawa Agosti alikuwa amemshinda mtani huyohuyo kwa penalti katika Ngao ya Jamii, na Oktoba alitoka sare mara mbili na Al Ahly, 2-2 Dar es Salaam na 1-1 Cairo. Nafasi yake alipewa Benchikha, na ni vigumu kumbuni mgombea bora zaidi kwa vigezo vya vijiweni. Alikuwa ametoka kutwaa Kombe la Shirikisho na USM Alger kwa kuwapiku Yanga katika fainali, kisha akachukua Super Cup ya Afrika mbele ya Al Ahly. Kombe la Afrika analo, mtani ameshamliza, na Al Ahly anamjua. Mwishoni mwa Aprili 2024 aliondoka, akitaja sababu za kifamilia, baada ya kutolewa na Al Ahly na kufungwa 2-1 na Yanga. Simba ilimaliza ligi ikiwa ya tatu, pointi 69 sawa na Azam, ikizidiwa kwa tofauti ya mabao. Huu si ushahidi kwamba Benchikha ni kocha mbaya. Makombe yake yanakataa. Ni ushahidi kwamba wasifu unaeleza mtu alifanya nini na kikosi fulani, chini ya uongozi fulani, na kwamba mtu akisafiri hasafiri na kikosi wala uongozi ule. Aliyemrithi kwa mkataba kamili alikuwa kocha msaidizi kutoka Raja Casablanca ambaye mashabiki wengi hawakumjua. Huyo ndiye aliyefika fainali.

Kambi ya mzawa nayo ina hoja, ila mara nyingi inaisema vibaya. Mgunda aliyetoka Coastal Union alipoachiwa timu Septemba 2022 aliivusha kwa Nyasa Big Bullets na Primeiro de Agosto hadi makundi ya Ligi ya Mabingwa, kazi iliyomshinda Gomes mwaka uliotangulia. Zawadi yake ikawa kuletewa bosi Januari, na Aprili 2024 akaitwa tena kuokoa jahazi. Tabia hiyo ya klabu ina kasoro ambayo ni ya kimantiki kuliko kizalendo: mtu anaaminika katika mechi ambazo zikipotezwa msimu umekufa, halafu haaminiki kupanga msimu. Hata hivyo, kusema "apewe mzawa" bila kusema apewe pamoja na nini ni kurudia kosa la wanaotaka jina kubwa. Mzawa akikabidhiwa Novemba kikosi ambacho hakukichagua atafukuzwa kama mgeni, tena kwa fidia ndogo zaidi. Na CAF inadai leseni za daraja la juu kwa makocha wa mashindano yake, kwa hiyo anayetaka mzawa leo alipaswa kuidai klabu iwekeze katika mafunzo yake miaka kadhaa nyuma. Kambi ya pira biriani inapaswa kusikia jibu linalofanana na hilo. Mtindo ule ulikuwa wa miguu ya Chama na Miquissone, na hakuna kocha anayeingia na miguu hiyo kwenye begi.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba hoja hii inamshusha kocha mno. Nabi aliikuta Yanga Aprili 2021 ikiwa haijabeba ubingwa tangu 2017 na akaigeuza. Xabi Alonso aliikuta Bayer Leverkusen Oktoba 2022 ikiwa ya pili kutoka mkiani na msimu uliofuata akabeba ubingwa wa Ujerumani bila kupoteza mchezo wa ligi. Ni kweli, makocha wa namna hiyo wapo na thamani yao ni kubwa. Lakini mifano hiyo miwili inasimulia hadithi moja. Yanga ya Nabi iliwasajili Diarra, Aucho na Mayele dirisha lililofuata kuja kwake. Leverkusen ya Alonso iliwaleta Granit Xhaka, Alejandro Grimaldo na Victor Boniface kabla ya msimu wa ubingwa, wakichaguliwa kwa ajili ya mpira alioutaka kocha. Kocha mkubwa huonekana mkubwa pale usajili unapomfuata. Simba imezoea kinyume chake: usajili unatangulia, kocha anafuata, lawama zinamalizia.

Pingamizi jingine linatoka kwenye kisa cha Fadlu mwenyewe. Kama kocha chipukizi mwenye njaa ndiye anayefaa, mbona alipofanya vizuri Raja walimchukua Septemba 2025, msimu ukiwa ndiyo kwanza umeanza? Hatari hiyo ipo na haikwepeki kabisa, kwa sababu klabu za Afrika Kaskazini zinalipa vizuri, na Vandenbroeck alikuwa ametangulia kwa njia hiyohiyo. Jibu lake halipo katika kutafuta kocha asiyetamaniwa na mtu. Lipo kwenye mkataba wenye fidia inayouma, na zaidi kwenye benchi la ufundi lenye mkurugenzi ambaye haondoki na kocha, anayejua timu inacheza mpira gani, inakosa mchezaji wa aina gani, na nani wa kupigiwa simu kocha akiaga. Hapo kuondoka kwa mtu mmoja kunakuwa usumbufu wa wiki mbili badala ya mwanzo mpya. Ratiba ya Afrika inaifanya kazi hii kuwa ya lazima: raundi za awali huchezwa mwanzoni kabisa mwa msimu, na mechi mbili zikienda kombo zinatosha kufuta mipango ya mwaka mzima. Romain Folz aliajiriwa Yanga Julai 2025, akamfunga Simba Ngao ya Jamii Septemba, na Oktoba akafukuzwa baada ya kipigo cha 1-0 kwa Silver Strikers ya Malawi. Katika mazingira ya namna hiyo, klabu inayomtegemea kocha awe ndiye mpango wake itakuwa haina mpango mara mbili kwa mwaka.

Mashabiki watasema wao si wanaoajiri, hivyo mjadala wao ni maneno tu. Kwa Simba kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Katika mfumo wa mabadiliko ulioanza kujengwa 2017, asilimia 51 ya umiliki imewekwa kwa wanachama na 49 kwa mwekezaji, Mohammed Dewji, kwa ahadi ya Sh bilioni 20. Mwanachama anayelipia kadi yake ana mkutano mkuu na ana haki ya kuuliza, na swali la "mbona hamjamleta fulani?" ni rahisi kulikwepa, kwa kuwa fulani huyo alikuwa ghali, au alikataa, au ana mkataba. Yapo maswali yasiyokwepeka kirahisi hivyo. Nani aliidhinisha usajili wa dirisha lililopita, na kocha wa wakati huo alisema nini? Kocha ajaye atapimwa kwa lengo gani, na lini, ili kipigo kimoja cha dabi kisigeuke hukumu? Kocha akija katikati ya msimu, je, ataahidiwa dirisha kubwa linalofuata, au anaazimwa timu tu? Fidia za makocha waliovunjiwa mikataba tangu 2021 zimefikia kiasi gani, na zingenunua beki wa daraja lipi? Uongozi ukiweza kuyajibu hayo, majina mengi ya vijiweni yatajichuja yenyewe, kwa maana kazi itakuwa imeelezwa na anayeifaa ataonekana. Ukishindwa, haitajalisha kama anayetua uwanja wa ndege ana makombe matano au hana hata moja. Ataanza kuhesabiwa siku kabla hajafungua begi, na mwenye kustahili kuulizwa kuhusu hilo atakuwa yuleyule aliyemwajiri aliyemtangulia.